Barua za Wasomaji: Chama cha Wakulima Kilichozimika Kabla ya Mavuno

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kuhusu chama cha Urusi kilichoitwa Wanamapinduzi wa Kisoshalisti wa Kushoto: chama cha wakulima kilichomeguka kutoka chama mama mwishoni mwa 1917 na kuvunjwa nguvu Julai 1918. Nilidhani itapita kimya. Barua zimekuja nyingi, nyingine zimeletwa kwa mkono hapa nyumbani Newala, na mzee mmoja amepanda bodaboda kutoka Kitangari kuja kunibishia kibarazani. Nimechagua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, kwa sababu imenigusa pale panapouma.

*Shikamoo Mwalimu. Umesema hao Warusi walikuwa na wakulima nyuma yao na walikuwa ndani ya serikali. Sasa walikufaje ndani ya miezi saba au minane? Nauliza kwa sababu vijana hapa tumechoka na makato na mizani. Tunataka kujitoa kwenye chama cha msingi cha ushirika tuanzishe chetu, na wengine wanasema bora tuanzishe kabisa chama cha siasa cha wakulima wa korosho wa kusini. Unatushauri nini?*
*Mkulima, Tandahimba*

Marahaba mwanangu. Tuanzie kwenye ardhi, maana wao walianzia hapo.

Chama mama, Wanamapinduzi wa Kisoshalisti, kilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kilikuwa na neno moja ambalo mkulima wa Urusi alilielewa bila kufafanuliwa: ardhi si bidhaa, haina mwenye kuiuza, ni ya yule anayeilima kwa mikono yake, na kijiji ndicho kinachoigawa. Mtu wa uwanda huu wa Makonde haoni ajabu hapo. Babu yangu hakuwahi kushika hati. Mikorosho ilikuwa yake, aliipanda mwenyewe na aliijua mmoja mmoja, lakini udongo ulio chini ya mikorosho ulikuwa wa ukoo. Ukimwambia kwamba mtu anaweza kuuza udongo akabaki na heshima yake, angekushangaa.

Mapema 1917 Tsar, mfalme wa Urusi, akaanguka. Chama kikaingia serikalini, na kiongozi wake, Viktor Chernov, akawa waziri wa kilimo. Wakulima wakangoja wagawiwe ardhi ya makabaila. Wakaambiwa wasubiri Bunge la Katiba. Wakati huohuo watoto wao wa kiume walikuwa wanakufa kwenye mahandaki wakipigana na Mjerumani. Kufika kiangazi vijiji vikachoka kusubiri, vikaanza kugawana ardhi vyenyewe. Hapo ndipo mrengo wa kushoto wa chama ulipoachana na wakubwa wake. Ulitaka mambo mawili: ardhi sasa, na vita vikome sasa. Oktoba Wabolsheviki, chama cha Lenin, waliposhika dola, hawa wa kushoto walikataa kutoka nje ya mkutano wa mabaraza ya wafanyakazi na askari (soviet) pamoja na wenzao. Chama mama kikawafukuza.

Niingize jambo moja hapa, maana vita hivyo havikuwa vya mbali na sisi. Oktoba 1917 Mjerumani na Mwingereza walikuwa wanauana Mahiwa, jirani na Nyangao, siku nne mfululizo, na wazee wetu ndio waliobebeshwa mizigo na risasi. Tarehe 25 Novemba von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, akavuka Ruvuma. Wiki moja baadaye, Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, hawa wa kushoto walifungua mkutano wao wa kwanza kama chama kinachojitegemea. Mjerumani aliyewasumbua wao ndiye aliyepita hapa akikomba mtama wa bibi zetu.

Desemba wakaingia serikalini pamoja na Wabolsheviki. Hawakupewa vyeo vya mapambo. Andrei Kolegayev alikuwa kamishna wa kilimo, Isaac Steinberg wa sheria, Prosh Proshyan wa posta na simu. Februari 1918 ikatoka sheria ya kuifanya ardhi kuwa mali ya jamii, na kila aliyeisoma aliona mkono wa chama hiki ndani yake. Kwa muda huo mfupi walikuwa pale ambapo mkulima hafiki: kwenye meza inayoandika amri.

Kisha, tarehe 3 Machi 1918, ukasainiwa mkataba wa amani wa Brest-Litovsk. Urusi ilikabidhi nchi kubwa, Ukraine na ngano yake ikaangukia upande wa Mjerumani. Chama hiki kiliona ni usaliti, na makamishna wake wakajiuzulu. Maria Spiridonova, ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zote chamani, aliona kujitoa serikalini ni kosa na alisema hivyo mbele ya wenzake. Hawakumsikiliza.

Hapo, mwanangu, naomba usome polepole, maana na mimi nimewahi kujiuzulu.

Mwaka 2011 nilikuwa mjumbe wa bodi ya chama chetu cha msingi. Tulikuwa na ugomvi wa makato: fedha za magunia, za usafiri, za mfuko huu na ule, na kila tukiomba hesabu tunaambiwa mkaguzi anakuja. Wajumbe watatu tukaandika barua, tukajitoa, na wanachama kama arobaini wakatufuata. Niliiandika barua ile kwa mkono wangu na niliamini kila neno lililomo. Msimu ukafunguliwa. Siku ya kwanza ya kupima nilikwenda ghalani kuangalia tu. Bibi mmoja jirani yangu alileta gunia ambalo dukani lilikuwa limesoma kilo 82. Kwenye mzani wa ghala likasoma 79. Akauliza, karani akamjibu mzani ni huo. Yule bibi hakugombana naye. Aligeuka akaniangalia mimi niliyesimama chini ya mwembe na wengine. Mwaka uliotangulia ningekuwa nimekaa nyuma ya meza ile na daftari, na gunia lile lingerudi juu ya mzani mpaka kilo zake zionekane. Kilo tatu zile siwezi kuzisahau. Na sisi tuliojitoa? Hatukuwa na ghala, hatukuwa na magunia, stakabadhi hatuna. Wenzetu wawili, wenye ada za shule shingoni, waliuza kwa kangomba, wale wanunuzi wa kichochoroni, kabla ya Novemba kwa bei ambayo naona uchungu kuiandika. Msimu wa pili wengi wakarudi kimyakimya chama kilekile.

Sasa rudi Urusi. Machi wametoka kwenye meza. Mei ikatangazwa amri ya chakula: nafaka yote ya ziada itolewe kwa bei ya serikali, na vikosi vyenye bunduki vikatumwa vijijini kutoka mijini. Juni zikaundwa kamati za wakulima maskini ili wafukue ghala za jirani zao. Niseme kwa haki, njaa mijini haikuwa ya kutungwa. Petrograd na Moscow mkate ulikuwa unapimwa kwa vipande, na Ukraine ilikuwa imeondoka. Lakini aliyekuwa anaamua nani ana ziada na nani hana, hakuwa tena mtu wa chama cha wakulima. Spiridonova alibaki akiongoza kitengo cha wakulima kwenye kamati kuu ya mabaraza. Wajumbe wakawa wanafika kwake kutoka vijijini kueleza walivyonyang'anywa mbegu. Alisikiliza, alikasirika, alipiga kelele mkutanoni. Mzani ulikuwa mikononi mwa wengine.

Tarehe 4 Julai mkutano mkuu wa tano wa mabaraza ukafunguliwa Moscow, kwenye ukumbi wa Bolshoi. Chama hiki kilikuwa na wajumbe karibu theluthi moja. Kikaomba mkataba wa Brest utupwe na vikosi vya nafaka viondolewe. Kura hazikutosha. Tarehe 6 Julai vijana wawili, Yakov Blumkin na Nikolai Andreyev, wakaingia ubalozi wa Ujerumani wakiwa na karatasi za polisi wa siri, ambamo chama kilikuwa bado na watu wake, wakamuua balozi Wilhelm von Mirbach. Tumaini lilikuwa kwamba Mjerumani atakasirika na vita vitarudi. Kikosi kimoja kilichowaunga mkono kilimshika hata Felix Dzerzhinsky, mkuu wa polisi hao. Siku iliyofuata askari wa Kilatvia wakaleta mizinga, mambo yakaisha. Wajumbe wa chama walikamatwa humohumo ukumbini. Watu 13 wakapigwa risasi. Na Mjerumani hakurudi vitani.

Ndipo ninapopata jibu la swali lako. Wengine wanasema chama kilikufa kwa sababu ya ukatili wa Wabolsheviki. Ukatili ulikuwepo, siufichi. Lakini tazama risasi ile ilielekezwa wapi. Mkulima wa Urusi alikuwa amekipenda chama hiki kwa sababu kilisema vita vikome. Mwanawe alikuwa amerudi nyumbani kwa miguu, amechoka, anataka kupanda shayiri. Na chama chake kikaua mtu ili vita vianze upya. Kijiji hakikuulizwa. Mavuno yalikuwa yanakaribia, watu wako shambani, na habari ilipofika kwao chama kilikuwa tayari kimevunjika. Hakuna kijiji kitakachoinuka kutetea uamuzi ambao hakikuusikia ukijadiliwa.

Kwa hiyo, msijitoe kwenye chama cha msingi. Najua mnavyochoka, na najua mnada wa 2018 ulivyotuuma, bei tulipozikataa, kisha serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba. Hata hivyo, gombeeni bodi. Mkishinda viti viwili, shikilieni viwili hivyo. Mtu wenu mmoja asimame kwenye mzani kila siku ya kupima, tangu gunia la kwanza hadi la mwisho, na daftari lake mwenyewe. Mkipewa hesabu za makato, zisomeni kwa sauti kwenye mkutano mkuu, kila mwanachama asikie. Siku mtakayotaka kutoka, liamuliwe na mkutano mkuu, lisiamuliwe na watu watatu kibarazani kama tulivyofanya sisi.

Kuhusu chama cha siasa cha wakulima wa kusini, sheria inakuzuia kabla sijakuzuia mimi. Chama hakisajiliwi kwa sura ya mkoa au ukanda. Lazima kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, na miwili kati yake iwe ya Zanzibar. Kwa hiyo mtahitaji mkulima wa pamba wa Simiyu na wa karafuu wa Pemba kabla ya kuandika jina. Nadhani hilo si baya. Nenda kamuulize mkulima wa pamba kuhusu mzani, utashangaa jinsi mtakavyoelewana haraka.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Lindi. Kwenye notsi zetu chama hicho kimetajwa mstari mmoja tu: wasaliti. Je, ni kweli? Na hapa kwetu tuliwahi kuwa na chama kilichomeguka namna hiyo?*

Binti yangu, mstari huo uliandikwa na upande ulioshinda. Weka mambo haya pembeni yake. Lenin alipotoa Amri ya Ardhi, siku moja tu baada ya kushika dola, aliijenga juu ya maombi 242 ya vijiji yaliyokusanywa mwezi Agosti, na maneno yake yalikuwa ya chama cha wakulima. Uchaguzi wa Bunge la Katiba wa Novemba 1917, Wanamapinduzi wa Kisoshalisti ndio waliopata kura nyingi kuliko chama chochote. Ila orodha za wagombea zilitengenezwa kabla ya kumeguka, kwa hiyo wa kushoto walipata viti karibu 40 tu, na wakulima wengi walipiga kura bila kujua wanamchagua yupi kati ya ndugu wawili waliogombana. Bunge lenyewe lilikaa siku moja, Januari 1918, likafungwa. Na Machi 1921, wakati uasi mkubwa wa wakulima ukiendelea huko Tambov, serikali iliacha kunyang'anya nafaka ikaweka kodi inayojulikana kiwango chake. Hilo ndilo jambo lililopigiwa kelele Bolshoi miaka mitatu nyuma, kwamba mkulima asinyang'anywe chakula chake. Andika hayo kwenye mtihani, na uandike pia kwamba walimuua balozi. Usifiche upande wowote.

Kuhusu kwetu: Zuberi Mtemvu alijitoa TANU mwaka 1958 akaanzisha African National Congress ya hapa Tanganyika, na Zanzibar Abdulrahman Babu alitoka Zanzibar Nationalist Party (ZNP) mwaka 1963 akaanzisha Umma Party, ambacho mwaka uliofuata kiliingizwa Afro-Shirazi Party (ASP). Cha Babu kilikuwa cha mrengo wa kushoto kweli, lakini nguvu yake ilikuwa vijana wa mjini na vyama vya wafanyakazi. Chama cha siasa cha wakulima kilichomeguka na kutikisa nchi hatukuwahi kuwa nacho. Ugomvi wa wakulima wetu ulipitia ushirika, na ndiyo maana vyama vya ushirika vilipovunjwa 1976 tulibaki bila mdomo. Korosho za nchi hii zilifika takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74. Miaka kumi na kidogo baadaye hazikufika hata tani 20,000. Sababu ni nyingi: bei, ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), na kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho. Baba yangu alikuwa akitoka kijiji kipya saa kumi alfajiri kwenda kwenye miti yake ya zamani. Alikwenda hivyo misimu miwili. Wa tatu alikaa kizingitini, akavua viatu akasema, "Zitaokotwa na nyani." Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sikuwahi kumsikia akisema neno baya kuhusu serikali, na hakuna mtu aliyewahi kuja kumuuliza.

*Shikamoo baba. Nimesoma jina la Maria Spiridonova kwako mara ya kwanza. Mwanamke kuongoza chama cha wakulima wakati ule ilikuwaje? Aliishia wapi? Mama wa watoto wanne, Nachingwea.*

Marahaba mama. Alizaliwa Tambov mwaka 1884. Januari 1906, akiwa na miaka 21, alimpiga risasi ofisa mmoja aliyeitwa Luzhenovsky kwenye kituo cha treni cha Borisoglebsk, kwa sababu ofisa huyo alikuwa amewatesa wakulima wa mkoa ule. Walinzi walimpiga na kumdhalilisha vibaya, habari zikafika magazetini, nchi nzima ikalijua jina lake. Hukumu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo cha kazi ngumu Siberia. Alikaa huko miaka kumi na moja mpaka mapinduzi ya 1917 yalipomfungulia mlango. Wakulima walimwamini kwa mateso yale kabla hata hajafungua mdomo.

Siwezi kukuambia kwamba hakuwa na hatia katika mambo ya Julai 1918. Alijitokeza mwenyewe, akasema chama kilihusika na yeye alihusika. Naliheshimu hilo, kwa sababu wakati huo wanaume kadhaa wa chama chake walikuwa wanakimbia, na wengine walijimega tena wakaanzisha vyama vidogo viwili ambavyo havikuchukua muda kumezwa na Wabolsheviki. Yeye hakwenda kokote. Kuanzia hapo maisha yake yalikuwa gerezani na uhamishoni. Huko Ufa alifanya kazi ofisini, kazi za hesabu na mipango, mpaka alipokamatwa tena 1937. Septemba 1941 jeshi la Ujerumani lilipokuwa linakaribia mji wa Oryol, wafungwa zaidi ya 150 walitolewa gerezani wakapelekwa msitu wa Medvedev, nje ya mji, wakapigwa risasi tarehe 11. Alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 56, na kati ya miaka hiyo, ule ambao aliweza kusimama mbele ya mkutano wa wakulima akiwa mtu huru ulikuwa mmoja na miezi kidogo.

Barua za salfa na ubwiriunga ni nyingi mno mwezi huu. Nitazijibu zote toleo lijalo, kabla watu hawajaanza kupulizia.